Nani Alimuuliza Arolake?

Wengi mmenitumia ujumbe kwamba Jumamosi hamkuweza kufika kwenye ile hotuba yangu kuhusu muvi ya Anikulapo, wengine mvua iliwazuia, wengine mlikuwa na msiba. Naiweka hapa yote kama nilivyoisema, nimetoa tu vile vipande vya muvi tulivyoonyesha ukutani. Pale nilipokuwa nawauliza waliokuwepo nimepaacha hivyo hivyo, na wewe unayesoma jijibu.

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu wote shikamooni, na wanafunzi mliokaa kule nyuma, sogeeni mbele viti vipo.

Naanza na swali. Wangapi humu mmeiona Anikulapo mpaka mwisho? Nyoosheni mikono juu. Naam, ni wengi. Na wangapi mlipomaliza mlisema yule mwanamke ndio kaharibu kila kitu, kamsaliti mfalme, kamponza kijana wa watu? Nyoosheni tu msiogope, mara ya kwanza na mimi nilisema hivyo hivyo, nikaenda kulala nimekasirika. Leo nimekuja kuwaambia kwa nini nimebadilika.

Kwa ambao hamjaiona nieleze kidogo. Ni muvi ya kinaijeria ya mwaka 2022, iko Netflix, dairekta wake Kunle Afolayan, ambaye baba yake Adeyemi Afolayan, wenyewe walikuwa wanamuita Ade Love, alikuwa muigizaji mkubwa na mtengenezaji wa filamu za Kiyoruba zamani zile, kwa hiyo hii kazi ipo damuni kwao. Mule ndani wanaongea Kiyoruba, sio kiingereza cha Lagos tulichozoea kwenye muvi za vibandani enzi zetu. Wametupeleka karne ya 17, dola ya Oyo ya Wayoruba, huko huko Nigeria, mfalme wao wanamuita Alaafin. Kijana mmoja anaitwa Saro anatoka Gbongan anakuja Oyo kutafuta maisha, ni mfumaji wa aso oke, ile nguo nzito wanayovaa kwenye sherehe zao, inafumwa utepe mmoja mmoja alafu wanaunganisha. Huyo Saro ndio anakutana na Arolake, wanapendana kwa siri. Na Arolake ni nani? Ni mke wa mfalme, mdogo kuliko wote, aliyeolewa na mzee bila kupenda kwake. Bimbo Ademoye ndio kamuigiza, na nasema kutoka moyoni yule dada ana macho yanayoongea kuliko mdomo.

Sasa sisi wote tunamuangalia Saro. Muvi yenyewe ina jina lake, maana Anikulapo ni mtu aliyekibeba kifo mfukoni, na Saro ndio anayekuja kupata uwezo wa kufufua watu. Tunamfuata yeye, anapanda, anashuka, tunamlilia yeye. Mimi nawaomba leo kwa dakika chache muacheni Saro. Mgeukieni Arolake mumuulize swali moja tu. Mama, nani alikuuliza?

Nani alimuuliza Arolake?

Hapo sina jibu la kwenye muvi, nina jibu la nyumbani kwetu. Bibi yangu mzaa mama, wengine hapa mnamfahamu, aliolewa akiwa binti mdogo sana, hata hedhi yake ilikuwa haijakaa sawa. Siku moja nilimuuliza, bibi, ulijuaje kama unaolewa? Akaniambia nilijua kwa mchele. Anasema aliamka asubuhi akakuta uwani wanawake wamekaa na ungo wanachagua mchele, mchele mwingi, magunia. Na yeye akachukua ungo akakaa, maana kazi ya binti ndio hiyo. Akauliza, kuna harusi ya nani? Wakacheka. Wakacheka wote, alafu wakanyamaza, na shangazi yake akamuangalia bila kusema kitu. Bibi anasema aliendelea kuchagua mchele, kwa sababu hakujua mikono aipeleke wapi. Alichagua mchele wa harusi yake mwenyewe mpaka adhuhuri.

Mnaliona hilo jambo? Posa ililetwa, mshenga kaja kaenda, mahari imehesabiwa, kilemba na mkaja vimekubaliwa, wanaume wamekunywa kahawa wameshikana mikono, majirani wanajua, mpaka muuza mchele anajua! Mtu pekee ambaye hajui ni mwenye shingo yake.

Na wenzetu Wayoruba wana utaratibu kama wetu tu. Wana mshenga wao, wanamuita alarina, ni mtu anayechunguza ukoo huu na ukoo ule, kuna ugonjwa gani, kuna deni gani, kuna tabia gani. Wana itoro, yaani kwenda kuomba, wana idana ambapo mali inatolewa. Ni mambo ya heshima na mimi siyadharau, yule mshenga kaokoa mabinti wengi wasiingie kwenye nyumba mbaya. Na upande wa Oyo kuna kitu kizuri kinaitwa ekun iyawo, maana yake kilio cha biharusi. Binti kabla hajaondoka kwao anazunguka kwa wazazi na kwa ndugu, anaimba na kulia, anamshukuru mama aliyemlea, anamsifu baba, anauaga usichana wake, anaomba dua apate watoto, anasema hofu yake ya huko anakokwenda na wake wenza atakaowakuta. Mashairi kabisa, tena mazito. Nilipoyasikia nilifurahi sana, nikasema afadhali hawa, kwetu biharusi anainamisha kichwa hata kucheka hatakiwi, hawa wanamuacha aseme! Ila nikakaa nikafikiria. Anasema lini? Anasema wakati mali imeshapokelewa. Anaruhusiwa kulia, haruhusiwi kukataa. Sasa ile sauti ni yake kweli au amepewa aitumie usiku mmoja ili asubuhi anyamaze vizuri?

Na sisi tusiwanyooshee kidole. Dini yetu sisi Waislamu inasema binti aombwe idhini, na bikira kunyamaza kwake ndio idhini yake. Haya, tumefanya nini? Tumeshika neno kunyamaza, tumeliacha neno aombwe. Bibi yangu alinyamaza kweli, lakini hakuna aliyemuomba kitu.

Mnanielewa? Twende.

Jambo la pili nataka tuliangalie pamoja, na hili ndio linawachanganya watu wengi kuhusu Arolake. Wanasema lakini mfalme alikuwa anampenda! Ni kweli, kuliko wake zake wote, na ndio maana wenzake walimchukia vile. Alikula vizuri, alivaa vizuri, analalamika nini?

Ngoja niwaeleze nyumba ya Kiyoruba ilivyokuwa, na sehemu nyingine bado ipo. Mke mkubwa ni iyale, mke aliyekuja baadae ni iyawo. Huyu iyawo akiingia kwenye ukoo, kila mtu aliyezaliwa mle ndani kabla yeye hajaolewa ni mkubwa wake. Wanaume, wanawake, mpaka mtoto anayetambaa. Anawaita oko mi, yaani mume wangu, mtoto mchanga! Hawaiti kwa majina yao, inabidi awatungie majina ya heshima. Kwa hiyo ukiwa wa mwisho kuingia upo chini ya kila mtu, alafu juu ya hapo mfalme anakupenda. Mapenzi ya mfalme hayakupandishi, yanakuongezea maadui tu. Kupendwa sio kuulizwa jamani. Narudia, kupendwa sio kuulizwa. Mtu anaweza kukupenda kama anavyopenda farasi wake.

Na hili sio la kwenye muvi peke yake. Nataka niwape kisa cha mtu wa kweli kabisa, Myoruba, aliishi duniani hapa, picha zake zipo mpaka leo. Anaitwa Sarah Forbes Bonetta. Alizaliwa kama mwaka 1843 huko Oke-Odan, upande wa Wayoruba wa Egbado. Mwaka 1848 jeshi la Dahomey, dola jirani iliyokuwa kwenye Benin ya leo, lilivamia, wazazi wake wakauawa, yeye akachukuliwa mateka, mtoto wa miaka mitano hivi. Mwaka 1850 akaja kapteni wa Kiingereza, Frederick Forbes, kuongea na mfalme Ghezo wa Dahomey juu ya kuacha biashara ya watumwa, na yule mtoto alikuwa kwenye hatari ya kutolewa kafara. Kapteni akaongea akaongea mpaka mfalme akamtoa. Akamtoa vipi? Kama zawadi, kutoka kwa mfalme wa watu weusi kwenda kwa malkia wa watu weupe. Zawadi! Na hata hilo jina la Bonetta ni la meli ya yule kapteni. Malkia Victoria akampokea, akampenda, akamsomesha, akamlipia kila kitu. Nikisema akampenda simaanishi vibaya, alimpenda kweli kweli.

Sasa binti kafika miaka kumi na nane hivi. Akaja mchumba, James Davies, mfanyabiashara tajiri, na yeye ni wa asili ya Kiyoruba, wazazi wake ni katika wale waliookolewa utumwani wakapelekwa Sierra Leone. Alikuwa mgane, msomi, mcha Mungu, hela ipo. Yaani mchumba ambaye ukimleta kwa shangazi zetu hawasubiri jioni. Sarah akakataa.

Basi wakamhamisha. Walimtoa kwenye familia aliyokuwa anakaa kwa furaha wakampeleka Brighton kwa wamama wawili wazee, kwenye nyumba ambayo yeye mwenyewe kaiandika kwa uchungu mkubwa, kama banda. Wakamuacha huko afikirie. Na kuna barua yake aliandika kwa yule mama aliyekuwa anamlea, naomba muisikilize. Anasema watu watasema huyu ni mtu mzuri, na hata kama humpendi sasa utajifunza kumpenda, na mimi naamini sitaweza kamwe. Anasema najua watu watasema ni tajiri, ukiolewa nae utajitegemea, na mimi nauliza, niuze amani ya roho yangu kwa hela? Akajijibu mwenyewe, hapana, kamwe!

Mwezi wa 8 mwaka 1862 aliolewa na huyo huyo James Davies, kanisa la Mtakatifu Nicholas, Brighton. Harusi kubwa, magazeti yaliandika. Kuna picha wamepiga wawili, yeye kavaa gauni lile kubwa la enzi hizo. Nimeiangalia ile picha mara nyingi na sitaki kumsingizia, sijui ana huzuni au kachoka tu kusimama, picha za zamani zilikuwa zinachukua muda.

Na Davies alikuwa mtu mbaya? Hapana! Wakarudi Afrika, Freetown alafu Lagos, wakazaa watoto watatu, wa kwanza wakamuita Victoria na malkia akawa mama yake wa ubatizo. Sarah alikufa mwaka 1880 huko Madeira alipokwenda kutibiwa kifua kikuu, na mumewe akamjengea mnara wa kumbukumbu shambani kwake upande wa magharibi wa Lagos. Kwa hiyo inawezekana walipendana baadae, inawezekana kabisa, na mimi natamani iwe hivyo. Lakini hesabuni na mimi. Alichukuliwa mara moja na jeshi. Akatolewa zawadi mara ya pili. Akaozeshwa mara ya tatu. Mara tatu maisha yake yamepangwa na watu wengine, na ile mara ya mwisho waliompangia ni watu wanaompenda! Tena safari ile moja aliposema hapana, kwa maandishi, kwa kiingereza safi, neno lake lilifanywa kama homa ambayo itapita akikaa peke yake kidogo.

Vumilia. Ndio neno letu. Vumilia utamzoea. Kina mama mliokaa huku mbele, wangapi mlishawahi kuambiwa hili neno? ... Angalieni mikono. Wanaume angalieni nyuma muone mikono.

Jambo la mwisho, na hapa ndio penye ugomvi, maana mzee wangu mmoja kaniambia pale mlangoni kabla sijaanza, mwanangu, usije ukatetea uzinzi. Mzee wangu, sitetei. Alichofanya Arolake kina gharama na kaona gharama yake. Mimi nauliza swali lingine. Alikuwa na mlango upi wa kutokea?

Kwa mwanamke wa kawaida wa Kiyoruba mlango ulikuwepo. Ndoa ingeweza kuvunjwa, ile mali iliyotolewa inarudishwa. Inarudishwa na nani? Baba yake labda ameshaitumia, kaolea mke mwingine. Kwa hiyo mara nyingi anayerudisha ni mwanaume mwingine, yule anayemtaka. Baadae wakoloni walipoleta mahakama, wanawake wa huko walikwenda kwa wingi kudai talaka mpaka wanaume wakapiga kelele, na hata huko ilikuwa kawaida mume mpya ndio anamlipa mume wa zamani. Mnaona mtego ulipo? Mwanamke anatoka kwa mwanaume kwa kupitia mfuko wa mwanaume mwenzake. Mlango wake una jina la mtu. Na hiyo ni kwa mke wa mkulima. Mke wa Alaafin hata huo mlango hana, anayemgusa anajitafutia kifo, ndio maana Saro walimpiga mpaka akafa.

Alafu mtazameni mwanamke mwingine kwenye muvi hiyo hiyo, Awarun, aliyeigizwa na Sola Sobowale. Ana biashara ya vyungu, ana wafanyakazi, ana nyumba yake, Saro mwenyewe alipofika mjini alianzia kwake, kwenye kazi yake na kitandani kwake. Hakuna aliyemuozesha Awarun. Anachagua, anaacha, anaendelea na vyungu vyake. Tofauti yake na Arolake ni nini? Uzuri? Ukoo? Ni vyungu! Ana kitu kinachouzwa sokoni na hela inaingia mkononi mwake.

Na hawajatunga hilo. Wayoruba wamekuwa na wanawake wa sokoni wazito kwelikweli, ukienda Lagos leo kuna uwanja katikati ya mji unaitwa Tinubu, ni jina la mwanamke, Efunroye Tinubu, aliyekufa mwaka 1887. Aliuza tumbaku na chumvi, na silaha, aliweka wafalme na kuwatoa, Waegba, ambao ni Wayoruba pia, wakampa cheo cha Iyalode, mkuu wa wanawake. Na aliuza watu pia, sitaficha, mikono yake haikuwa misafi, na huenda kuna mabinti kama Sarah waliopita kwenye biashara yake. Sisemi tumuige. Nasema yule hakungoja mtu amfungulie mlango.

Arolake yeye hakuwa na vyungu. Alikuwa na Saro. Na alimpa kila kitu! Tukumbuke vizuri, Saro ameuawa ametupwa porini, anakuja ndege wa ajabu anaitwa Akala anamrudishia roho, na nani yupo pale kichakani? Arolake. Nani anapata kibuyu cha yule ndege, chenye nguvu ya kufufua watu? Arolake. Kaacha ikulu, kaacha kila kitu, kakimbia na mtu ambaye hana hata kitanda. Wakafika kijiji cha Ojumo, Saro akaanza kufufua watu, akapata mali, akapata jina. Alafu? Akaongeza wake. Arolake hakujaaliwa mtoto, kwa hiyo amekaa pembeni anaangalia nyumba inajaa wanawake wengine, kama kule kule alikotoka. Safari hii hata hawezi kusema nilipewa, mume huyu kamchagua mwenyewe.

Hapo ndipo nilipobadilika mimi. Kwa sababu tunapenda kusema dawa ya ndoa ya kuchaguliwa ni ndoa ya mapenzi, na vijana kule nyuma najua ndio mnavyofikiria. Arolake amezijaribu zote mbili! Ya kwanza hakuulizwa kuingia. Ya pili alichagua kuingia, lakini ndani ya nyumba hakuulizwa tena kitu. Mke wa pili hakuulizwa, kuhama hakuulizwa, kile kibuyu alichokipata yeye kimekuwa cha mume na yeye kawa mgeni. Kwa hiyo anapoondoka, na nguvu ya kibuyu ikaondoka na yeye, mimi sioni kisasi. Naona mtu ambaye kwa mara ya kwanza anatoka mlangoni peke yake bila kushikwa mkono na mwanaume yeyote.

Nimalizie, naona mwenye ukumbi ananionyesha saa.

Muvi hii niliangalia mara ya pili na bibi. Nilimuwekea kwenye laptop, nikakaa nae kitandani namtafsiria maandishi ya chini, kama wale watafsiri wa vibandani. Saa mbili na zaidi, na bibi hakusinzia. Arolake alipokimbia porini aliuliza, kavaa viatu? Saro alipoongeza mke alisema tu, ehe. Mwishoni pale mtoto wa mfalme wa Ojumo anapokufa, Saro anaitwa amfufue, na kwa kiburi chake anasema sitamfufua mpaka nipewe binti wa mfalme niwe mume wake. Mimi nimeshakaa vizuri nasubiri Saro aumbuke, maana najua kibuyu hakina kitu. Bibi akanishika mkono.

Akasema, simamisha kwanza. Huyo binti, wamemuuliza?

Nikasema bibi, sikumuangalia.

Akasema, haya, rudisha nyuma.